Bitcoin 30 za Maastricht: uamuzi wa kulipa ulianzia wapi

Jumatatu jioni, tarehe 23 Desemba 2019, watu wa Chuo Kikuu cha Maastricht, kusini mwa Uholanzi, walikuwa kwenye sikukuu za Krismasi. Jioni hiyo seva 267 za chuo zilifungwa na programu ya wadukuzi iitwayo Clop, ambayo huvuruga mafaili yasisomeke mpaka mwenye ufunguo ayafungue. Barua pepe zilikatika. Mafaili ya pamoja ya idara hayakufunguka. Bekapu, yaani nakala za akiba, za baadhi ya mifumo muhimu, ambazo ndizo zingetegemewa siku kama hiyo, nazo zilikuwa zimefungwa. Wiki moja baadaye, Jumatatu ya tarehe 30, chuo hicho cha umma kiliwalipa wahalifu bitcoin 30, karibu euro 197,000 kwa bei ya siku hizo.

Watu wa TEHAMA hukisimulia kisa hiki kwa majina ya virusi. Hapa tunakitazama upande wa utawala: nani alikuwa na mamlaka ya kuamua, alikuwa na njia zipi mkononi, na kwa nini njia zilikuwa chache hivyo. Dai letu ni kwamba bodi iliyoidhinisha malipo haikuwa na mengi ya kuchagua wiki ile. Mengi yalishaamuliwa miezi na miaka ya nyuma, na watu wa ngazi za chini, katika kazi za kila siku ambazo hazifiki kwenye ajenda ya kikao chochote.

Chuo chenyewe

Kwa Ulaya, Maastricht ni chuo kichanga. Kilianzishwa mwaka 1976, wakati Leiden, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Uholanzi, ni cha 1575. Wakati wa shambulio kilikuwa na wanafunzi takriban 19,000, zaidi ya nusu wakitoka nje ya nchi, na wafanyakazi zaidi ya 4,000. Kinajulikana kwa kufundisha kwa vikundi vidogo: wanafunzi kumi na kitu wanakaa na mkufunzi, wanapewa tatizo, wanalichambua, kisha wanakwenda kusoma na kurudi. Ufundishaji wa namna hii unategemea ratiba kuliko mhadhara wa ukumbi mkubwa. Mwanafunzi asipoweza kufungua tovuti ya ndani ya chuo, hajui yuko kikundi gani, chumba kipi, wala asome nini.

Wasomaji wa Arusha huenda wanalijua jina hili kupitia ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi yenye makao yake mjini humo, iliyotoa shahada ya uzamili ya biashara kwa ushirikiano na Maastricht School of Management. Shule hiyo ilikuwa taasisi ya peke yake mwaka 2019, imekuja kuingia chini ya chuo kikuu baadaye, kwa hiyo haimo katika kisa hiki.

Sasa madaraka. Tangu 1970 vyuo vikuu vya Uholanzi viliendeshwa kwa sauti kubwa ya mabaraza ya wahadhiri, watumishi na wanafunzi. Sheria ya 1997 ikageuza mambo: madaraka ya kuendesha chuo yakawekwa mikononi mwa bodi ya utendaji ya watu wasiozidi 3, juu yake likakaa baraza la usimamizi ambalo wajumbe wake huteuliwa na waziri, na baraza la wahadhiri na wanafunzi likabaki na haki ya kushauriwa na kuridhia mambo fulani tu. Anayemtafuta Makamu Mkuu wa Chuo, kama tulivyozoea Tanzania au Kenya, hatampata pale. Kazi zake zimegawanywa. Desemba 2019 bodi ya Maastricht ilikuwa na Martin Paul kama rais, Rianne Letschert kama rekta, yaani kiongozi wa taaluma, na Nick Bos kama makamu wa rais. Bos ndiye aliyesimama mbele ya umma kuueleza uamuzi wa kulipa.

Muundo huu una lawama zake, na wahadhiri wa Uholanzi wamezisema kwa miaka mingi: umewafanya viongozi kuwa mameneja, umewaweka mbali na darasa. Lakini kwa wiki ile ya Krismasi ulikuwa na faida moja isiyobishaniwa. Watu 3 waliweza kukaa, kusikiliza, kuwaarifu walio juu yao na kuamua ndani ya siku 7, bila kuitisha mkutano mkuu wa wasomi wote.

Siku 69

Tarehe 15 na 16 Oktoba watu wawili chuoni, kila mmoja kwenye kompyuta yake, walifungua barua pepe za kitapeli zilizokuwa na kiungo cha faili lenye amri zilizofichwa. Hapo ndipo wadukuzi walipoingia. Kampuni ya usalama wa mitandao ya Fox-IT, iliyochunguza tukio, ililihusisha na kundi linaloitwa TA505, ambalo kazi yake ni biashara: linatuma barua kwa maelfu ya taasisi, kisha linaangalia nani kanasa.

Jambo la kwanza la kiutawala liko hapo hapo. Barua moja iliripotiwa kwenye dawati la huduma la TEHAMA, na dawati lilichukua hatua. Lakini barua zilikuwa zaidi ya moja na viungo vyake havikufanana, na tofauti hiyo haikuonekana. Kwa aliyewahi kukaa kwenye dawati la namna hii, hili halishangazi. Dawati hupimwa kwa idadi ya tiketi, yaani maombi ya msaada, zilizofungwa na muda uliotumika. Mtu anaripoti barua ya kitapeli, fundi anafunga kiungo, anajibu "asante kwa taarifa", tiketi imekwisha, inayofuata ni printa ya ghorofa ya pili. Maswali matatu hayana mahali kwenye fomu: nani mwingine kaipokea, nani kabofya, na kompyuta ya aliyebofya iko wapi sasa hivi? Kuyajibu kunahitaji kupekua kumbukumbu za seva ya barua kwa mada na mtumaji, na kuichomoa kompyuta ya aliyebofya kwenye mtandao siku hiyo hiyo, hata kama ni ya profesa mwenye kikao saa 8 mchana. Kazi hiyo ina saa moja au mbili. Isipoandikwa kuwa ni ya nani, huwa haina mwenyewe.

Kutoka Oktoba 16 wadukuzi walitembea ndani ya mtandao kimya kimya wakiuchora. Tarehe 21 Novemba walipata haki kamili za usimamizi juu ya miundombinu ya Windows, na njia waliyopitia ilikuwa seva ambazo hazikuwa zimewekewa masasisho ya usalama. Chuo kilikuwa na seva 1,647 za Linux na Windows, na kompyuta za watumiaji 7,307. Kati ya mashine zote hizo, udhaifu wa chache ulitosha.

Kwa nini seva chache hubaki nyuma? Mara nyingi jibu haliko kwenye teknolojia. Chukua maabara ya kawaida ya chuo chochote cha Ulaya: darubini ya kisasa imenunuliwa kwa fedha za mradi wa miaka 4, na pamoja nayo imekuja kompyuta ya kuiendesha. Muuzaji amesema wazi kwamba ukisasisha mfumo wake, dhamana imekufa. Mradi unakwisha, mtafiti aliyeuomba anahamia chuo kingine, darubini inabaki kwa sababu bado inafanya kazi nzuri, na kompyuta inabaki chini ya meza ikiwa imeunganishwa kwenye mtandao uleule unaobeba mishahara. Kitengo cha TEHAMA hakiigusi kwa kuwa ni mali ya kitivo. Kitivo hakiigusi kwa kuwa hakina fundi. Mkuu wa kitivo hajui kuwa ipo. Dawa inajulikana na si ghali: ama kila mashine iwe na jina la mtu mmoja anayewajibika kuisasisha ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, ama, ikiwa haisasishiki, itengwe kwenye kipande chake cha mtandao kisichofikia kingine chochote. Kinachokosekana ni mtu mwenye ubavu wa kumwambia profesa kwamba kuanzia Jumatatu darubini yake haitafika kwenye intaneti.

Mgawanyo huo wa mtandao ni sehemu muhimu ya kisa. Mtandao ukiwa mmoja na akaunti zenye haki za juu zikiwa nyingi, mwizi akipata moja amepata nyumba nzima. Fundi mwenye akaunti moja anayoitumia kusoma barua pepe asubuhi, kurekebisha seva mchana na kusimamia mfumo mzima jioni, anaacha alama za akaunti hiyo kwenye kila mashine aliyopita. Kanuni ya kazi ni akaunti tatu zisizochanganyika: ya shughuli za kila siku, ya seva, na ya juu kabisa ambayo hutumika kwenye kompyuta maalumu tu. Mafundi huichukia kwa sababu inawachelewesha, na meneja asiyejua maana yake huwaruhusu kuiruka.

Tangu barua ya kwanza mpaka kufungwa kwa seva zilipita siku 69. Tangu wadukuzi wapate haki kamili zilipita siku 32. Chuo hakikuwa na macho ya saa 24 juu ya mtandao wake, na programu ya kingavirusi haichukui nafasi ya mtu: aliyeshika haki za juu anaizima kwanza, kisha anaanza kazi. Februari 2021 wadukuzi waliingia kwenye mtandao ambao Chuo Kikuu cha Amsterdam kilikuwa kikiutumia pamoja na chuo cha ufundi cha mji huo. Kituo cha ulinzi wa mtandao kiliwaona mapema, wakatolewa kabla hawajafunga kitu, na hakuna aliyelipa. Amsterdam walikuwa na watu wa zamu.

Bekapu isiyo bekapu

Kwa kweli wezi waliingia vyuo vingi mwaka ule. Kilichowafikisha Maastricht kwenye malipo ni bekapu.

Nakala za baadhi ya mifumo muhimu zilikuwa kwenye diski zilizounganishwa na mtandao uleule. Ukiwa meneja wa TEHAMA mwenye bajeti ya kubana, mpango huo una sababu nzuri. Mhadhiri anafuta folda ya mitihani kwa bahati mbaya saa 4 asubuhi. Ukiwa na nakala iliyo hewani, yaani mtandaoni, unamrudishia saa 4 na robo. Ukiwa na kanda iliyofungiwa kwenye kabati la jengo lingine, mtu atoke, aichukue, aisome, na mhadhiri amesubiri mpaka kesho. Kwa miaka kumi mfululizo, mpango wa kwanza utaonekana bora kila wiki, mpaka siku anapoingia mtu mwenye haki zako mwenyewe za usimamizi. Siku hiyo kila unachoweza kukifikia kwa kibodi, naye anakifikia.

Kanuni ya kazi hii ina tarakimu tatu, 3, 2 na 1: nakala 3 za data, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake iwe mbali na isifikike kwa mtandao. Lakini kiongozi wa chuo hahitaji kuijua kanuni. Anahitaji swali moja, na aliulize kwa maneno haya haya: "Tukianza na mashine tupu, mfumo wa alama za wanafunzi utarudi baada ya saa ngapi, na lini mara ya mwisho mtu alipima?" Akijibiwa "tuna bekapu, mheshimiwa", hajajibiwa. Jibu ni tarehe, idadi ya saa, na jina la aliyefanya jaribio. Mahali penye utaratibu, kila baada ya miezi 3 huchaguliwa mfumo mmoja kwa kushtukiza, unarudishwa kwenye seva tupu na saa inahesabiwa. Jaribio la kwanza karibu siku zote hushindwa, na sababu huwa ndogo ya aibu: ufunguo wa kufungulia nakala ulihifadhiwa ndani ya mfumo uleule unaotaka kuurudisha.

Wiki ya uamuzi

Tarehe 24 Desemba Fox-IT waliitwa na timu ya dharura ikaundwa. Mifumo yote, hata ambayo haikuguswa, ilitolewa mtandaoni. Hatua hii huwauma wengi kwa sababu inaonekana kama chuo kujimalizia chenyewe, lakini huwezi kujua mwizi yuko wapi mpaka uzime taa zote. Taarifa ilitolewa polisi. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi ilijulishwa pia, na hapa hakuna mjadala: sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data inatoa saa 72 tangu taasisi ijue kwamba taarifa za watu huenda zimeguswa, na Krismasi haisimamishi saa.

Mbele ya bodi kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kutolipa, kuvunja kila kitu na kujenga upya. Hii ndiyo iliyolingana na ushauri wa polisi na msimamo wa serikali, ingawa sheria ya Uholanzi haikukataza kulipa. Ya pili, kununua ufunguo. Hesabu ya bodi, kama ilivyokuja kuelezwa hadharani, ilikuwa hii: kujenga upya bila ufunguo kungechukua miezi, data za utafiti za miaka zingeweza kupotea moja kwa moja, mitihani na tasnifu za wanafunzi zingesimama, na shughuli za chuo zingelala. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na fedha za umma kwenda mfukoni mwa wahalifu, na kila anayelipa anamlipia mwathirika anayefuata.

Bodi haikuwa na uhakika, na anayeikosoa leo afikirie kwanza iliamua ikiwa na nini. Hakuna anayeuza ufunguo na risiti. Utaratibu wa kawaida katika mazungumzo ya namna hii ni kuwapelekea wahalifu mafaili machache yaliyofungwa, yasiyo na siri, wayarudishe yakiwa yamefunguliwa, ndipo ujue kwamba ufunguo upo. Hata hapo, kinachothibitishwa ni mafaili machache. Halafu kuna mambo madogo ambayo hakuna mwongozo wa fedha wa chuo unaoyataja: nani ananunua bitcoin, kwa akaunti ya nani, bei ikipanda kati ya kuidhinisha na kununua nani anaongeza, na mhasibu anaandika nini kwenye kitabu. Anayeshika dawati la fedha atacheka, lakini malipo yanaweza kukwama siku 2 kwa sababu ya sahihi moja ya mtu aliyekwenda kuteleza kwenye theluji Austria.

Kwa maoni yetu bodi ya Maastricht ilifuata utaratibu mzuri na uamuzi wake unaeleweka, ila uamuzi wenyewe ulikuwa mbaya kwa sababu njia nzuri za kuchagua hazikuwapo. Bodi iliubeba yenyewe, haikumtupia mkurugenzi wa TEHAMA. Fedha zilitumwa tarehe 30.

Foleni ya Gießen

Siku 15 kabla ya Maastricht, Jumapili tarehe 8 Desemba 2019, Chuo Kikuu cha Justus Liebig mjini Gießen, Ujerumani, kiligundua shambulio na kikajitoa chenyewe kwenye intaneti. Wenyewe hawakuishia kulipa. Walifanya kazi kwa mikono.

Kwa kuwa hakuna aliyejua nywila zipi zimeibwa, zote zilifutwa: akaunti 38,000. Nywila mpya haziwezi kutumwa kwa barua pepe ambayo ndiyo imefungwa, na masharti ya mtandao wa utafiti wa Ujerumani yalitaka kila mtu athibitishwe kwa uso na kitambulisho. Basi katikati ya Desemba wanafunzi na maprofesa walipanga foleni kwenye ukumbi wa michezo wa chuo, wamepangiwa siku kwa mwezi wa kuzaliwa, kila mmoja kitambulisho mkononi. Mezani karani anatazama picha, anatazama uso, anampa karatasi yenye nywila. Kwa upande mwingine watu wa TEHAMA waligawa flashi 1,200 zenye programu ya kupima virusi; kila kompyuta ilipimwa, ikapimwa tena baadaye kwa programu iliyoboreshwa, na iliyofaulu ikabandikwa stika ya kijani. Isiyo na stika haikuruhusiwa kugusa mtandao.

Tumelileta hili kwa sababu linaonyesha kazi ambayo utawala wa kitaalamu unaijua na uongozi wa juu mara nyingi hauioni. Kupanga watu 38,000 kwa mwezi wa kuzaliwa, kupata ukumbi, meza, makarani, karatasi, kamba za kuongoza foleni na mtu wa kusimama mlangoni akijibu swali lilelile mara elfu: hiyo ni kazi ya ofisi ya usajili, ya majengo, ya mitihani. Watu wanaojua kupanga mitihani wanajua kupanga foleni ya nywila. Gießen walikuwa nao.

Lakini haifai kuzilinganisha kesi mbili hizi kama mwema na mwovu. Gießen walishtuka na kujizima kabla ya mambo kufika mbali. Maastricht walishtuka kila kitu kikiwa kimefungwa. Anayetaka kuona chuo kilichokataa kulipa baada ya kufungiwa atazame Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen: kilishambuliwa mwishoni mwa Novemba 2022, kikakataa, wahalifu wakachapisha data walizoiba, na ujenzi wa mifumo ukachukua miezi mingi. Hiyo ndiyo bei ya njia ya kwanza, na kuna vyuo vilivyokubali kuilipa.

Baada ya ufunguo

Wengi hudhani ukilipa, asubuhi yake unawasha mashine na maisha yanaendelea. Ufunguo unafungua mafaili, haumtoi mwizi. Mashine moja moja hupitiwa, data inafunguliwa, inapimwa, inahamishiwa kwenye mfumo uliojengwa upya au kusafishwa. Nywila za watu wote hubadilishwa. Kuna pia akaunti moja ya ndani kabisa ya Windows inayotia sahihi tiketi zote za kuingia, yaani vibali vya kidijitali vya kuingia kwenye mfumo. Nywila yake lazima ibadilishwe mara 2, kwa sababu mfumo huikumbuka na ile ya nyuma, na mwizi aliyeiiba anaweza kujitengenezea tiketi halali kwa nywila hiyo ya nyuma. Ukibadilisha mara 1 umempisha mlangoni. Ukibadilisha mara 2 bila kusubiri seva zipeane habari, umejifungia nje mwenyewe.

Mpangilio wa kurudisha nao ni uamuzi wa uongozi, si wa mafundi. Fundi atarudisha kilicho rahisi kwanza. Chuo kinahitaji kwanza kitambulisho cha kuingilia, kisha ratiba, mitihani na mawasiliano na wanafunzi, halafu fedha, na mwisho mambo ambayo watu wanaweza kuyavumilia. Maastricht walilenga Jumatatu tarehe 6 Januari 2020, siku ya masomo na mitihani kuanza tena, na masomo yalianza siku hiyo, baadhi ya mifumo ikiwa bado inarudi polepole. Kwa mwanafunzi, shambulio lilikula likizo. Kwa mafundi lilikula likizo na miezi kadhaa iliyofuata.

Kilichofuata ndicho tunachokiheshimu zaidi. Tarehe 5 Februari 2020, wiki 6 tu baada ya usiku ule, chuo kiliitisha mkutano wa wazi, kikatoa hadharani ripoti ya Fox-IT pamoja na majibu yake, kikasema kimelipa, kiasi gani, kwa nini, na makosa yalikuwa wapi. Ripoti ilisema pia kwamba wadukuzi walikusanya taarifa za muundo wa mtandao, majina ya watumiaji na nywila, na kwamba katika uchunguzi huo hazikuonekana dalili za kuchukuliwa data nyingine. Vyuo vingi huchagua funika kombe mwanaharamu apite: taarifa ya aya mbili, "hitilafu ya kiufundi", basi. Kuna mfano mwingine wa uwazi wa namna hii tunaoukumbuka, nao haukuhusu wezi: Cambridge, iliyowasha mfumo mpya wa uhasibu Agosti 2000, ukaikwamisha, na Novemba 2001 ikachapisha kwenye gazeti lake rasmi ripoti kali za Michael Shattock na Anthony Finkelstein kuhusu uongozi na usimamizi wa mradi huo. Ripoti za aina hii zinasomwa na warajisi wa vyuo vingine kuliko vitabu vya uongozi.

Hatua walizozitaja Maastricht katika majibu yake ni zile zile ambazo msomaji ameshazikisia: kuwafundisha watu kutambua barua za kitapeli, kusasisha kwa nidhamu, kuugawa mtandao, kuuangalia saa 24, na kuweka nakala zilizo hewani pamoja na nyingine zisizounganishwa na mtandao. Hakuna kati ya hizo ambayo haikuwa inajulikana mwezi Septemba 2019. Zote zilihitaji mtu mwenye cheo kuzipa tarehe na bajeti.

Fedha zilizorudi

Polisi wa Uholanzi waliendelea kufuata mkondo wa bitcoin. Sehemu ilikutwa kwenye pochi ya kidijitali ya mtu nchini Ukraini aliyehusishwa na utakatishaji wa fedha, na mwaka 2020 ikazuiwa. Siku ya kuzuiwa, kilichokuwamo kilikuwa na thamani ya euro 40,000 hivi. Taratibu za kisheria zikachukua muda, bei ya sarafu hizo ikapanda, na mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba fedha zitarudishwa, thamani ilikuwa imefika karibu nusu milioni ya euro, zaidi ya mara mbili ya zilizotumwa.

Magazeti yaliandika kwamba chuo kimepata faida. Watu wa fedha hawakuiandika hivyo: ndani ya hesabu hiyo hayamo malipo ya wachunguzi, saa za ziada za mafundi, wala gharama ya kujenga upya ulinzi mzima. Chuo kilisema fedha hizo haziingii kwenye mfuko wa jumla. Zingekwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida ya fedha.